Revit: vitu vidogo vipya na vituko vyake, mwongozo kamili hatua kwa hatua

Wadau, mwongozo huu ni wa mtu ambaye Revit (programu ya Autodesk ya kuchora modeli ya jengo) anaitumia tayari, ukuta anaweka, mlango anaweka, shiti (karatasi ya michoro) anatoa, ila kila mara programu inamfanyia kitu ambacho haelewi kimetoka wapi. Ukuta umewekwa lakini hauonekani, chumba kimefutwa bado kipo kwenye jedwali, faili la jana leo mwenzako halimfungukii. Mimi naamini, na nitaonyesha hapa, kwamba vingi tunavyoviita vituko ni kanuni tu inayofanya kazi kimya kimya sehemu ambayo hukuangalia. Ukijua kanuni imekaa wapi unaacha kubahatisha. Alafu kila mwaka Autodesk wanatoa toleo jipya (namba inatangulia mwaka, toleo la 2024 lilitoka 2023) na watu wanakimbilia yale matangazo makubwa, wakati vitu vidogo vilivyoongezwa pembeni ndo vinavyookoa muda wa kila siku.

Majina ya menyu nimeyaandika kwa matamshi yetu, na palipo na shotikati ya kibodi nimeiweka, maana herufi mbili zinakufikisha haraka kuliko kutafuta kwenye menyu.

Hatua ya 1: kabla hujagusa toleo jipya

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo inayoumiza kuliko zote. Faili la Revit likishaseviwa kwenye toleo jipya halirudi nyuma, hakuna namna ya kulisevu kwa toleo la zamani kama unavyofanya na DWG (faili la AutoCAD). Ukifungua la 2023 kwenye 2025 ukasevu basi wote waliobaki 2023 wameshafungiwa nje. Unaweza kuwapa IFC (faili la kubadilishana modeli kati ya programu), ila hapo unawapa umbo na taarifa, ile hali ya kuhariri kila kitu kama familia za Revit (vitu kama milango na madirisha) inapotea kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza kubalianeni toleo, wewe, injinia wa miundo, watu wa umeme na mabomba, wote, alafu liandikwe mahali. Pili, tengeneza nakala ya faili, na kama ni la kushirikiana (watu wengi wanafanyia kazi faili kuu moja) ifungue kwa kuitenganisha na faili kuu. Kwenye kidirisha cha kufungua weka tiki ya Oditi (ukaguzi wa makosa ya faili). Tatu, kabla ya kuapgredi toa PDF za shiti zako zote kwenye toleo la zamani, ukimaliza kuapgredi toa tena, alafu zilinganishe shiti moja moja, hasa sekisheni (mikato ya wima) na ditelsi maana huko ndo viungo vya kuta na hachi (mistari ya kujaza) hubadilika bila kupiga kelele. Nne, angalia idadi ya woningi (maonyo ya programu) kabla na baada.

Na ukifungua faili ukaona kidirisha kinasema linaapgrediwa wakati hukukusudia, katisha hapo hapo, usisubiri liishe ukasevu kwa mazoea.

Kuna kituko kingine humu humu: faili uliloliunga kama linki likiwa la toleo la zamani, Revit inaliapgredi kwenye memori kila unapofungua mradi, haliguswi kwenye diski lakini unasubiri upya kila siku. Watu wanalaumu kompyuta kumbe linki tatu zimebaki nyuma. Kinyume chake hakiwezekani, linki ya toleo jipya haiingii kwenye mradi wa toleo la zamani.

Bakapu: yale mafaili yenye .0001 na .0002 kabla ya .rvt ni nakala za sevu zilizopita. Ukienda Sevu Azi, Opsheni, utakuta idadi ya juu ya bakapu, kwa faili la kawaida lisilo la kushirikiana huwa 3. Ongeza ukiwa na mradi mzito, na usije ukamtumia mtu faili lenye .0003 ukadhani ndo jipya.

Hatua ya 2: washa vitu vidogo ambavyo tayari unavyo

Sitataja kila kitu, nataja vile ambavyo nadhani mtu akivijua leo kesho kazi yake inabadilika.

Kutoa PDF moja kwa moja kulikuja na 2022. Zamani ulihitaji printa ya PDF ya kusakinisha pembeni, sasa ni Faili, Ekspoti, PDF. Uzuri wake uko kwenye kanuni ya majina, unaipanga mara moja, namba ya shiti, jina, rivisheni, na mafaili yanatoka na majina sahihi, au unaunganisha zote kuwa faili moja. Kituko chake: viyu (mwonekano wa modeli, kama plani au 3D) yenye vivuli au yenye rangi za shedi inageuzwa kuwa picha hata kama umechagua vekta, ndo maana shiti moja inakuwa nzito na mistari yake ina ukungu wakati nyingine ziko safi. Ukitaka mistari mikali, rudisha viyu kwenye mistari iliyofichwa na uzime vivuli.

Filta (kanuni ya kuficha au kubadilisha mwonekano wa vitu) kuzimwa bila kufutwa, hii ilikuja 2021. Ukibonyeza VV (dirisha la mipangilio ya kuonekana) ukaenda kwenye kichupo cha filta utakuta safu ya kuwasha na kuzima filta yenyewe, tofauti na ile ya kuonekana. Zinachanganywa sana. Ukitoa tiki ya kuonekana, vitu vinavyoguswa na filta vinafichwa. Ukitoa tiki ya kuwasha, filta inaacha kufanya kazi na vitu vinarudi kama vilivyo. Kwa kutafuta kosa hii ya pili ni dhahabu, tutairudia hatua ya 3.

2023 ilileta kupima ndani ya viyu ya 3D, na kubadilisha viyu iliyokaa kwenye shiti bila kuifuta na kuiweka upya, unachagua viyu pale kwenye shiti alafu unachagua nyingine ichukue nafasi yake. 2024 ilileta mandhari meusi, na hapa wengi wanakwama kwa sababu rangi ya menyu na rangi ya eneo la kuchorea ni mipangilio miwili tofauti, unaweza kuwa na menyu nyeusi na karatasi nyeupe, kitufe cha karatasi kipo kwenye kichupo cha Viyu upande wa madirisha. Kwangu mimi menyu nyeusi karatasi nyeupe ndo mpangilio wa akili, maana mteja ataona karatasi nyeupe na ukichorea kwenye nyeusi unene wa mistari unakudanganya. 2025 wakaleta makusanyo ya shiti, unazigawa shiti kwa makundi ndani ya mradi mmoja, inafaa mno kwa mradi wenye majengo mengi.

Kuta ndo zinahitaji maelezo zaidi. 2021 ilileta kuta zilizoinama, 2022 zikaja zinazopungua unene kadiri zinavyopanda. Chagua ukuta, kwenye propati (sifa za kitu) tafuta Krosi-Sekisheni, ubadilishe kutoka wima kwenda iliyoinama au inayopungua, alafu weka pembe inayopimwa kutoka kwenye wima. Kwa ule unaopungua, ingia kwanza kwenye muundo wa aina ya ukuta na uweke tiki ya kubadilika kwenye leya (tabaka) moja, bila hivyo programu haijui ni leya gani inenepe. Na kwenye aina yenyewe kuna sehemu ya kusema unene unapimwa wapi, juu au chini, isome vizuri, la sivyo ukuta wa 300 utakuwa 300 sehemu ambayo hukuitarajia.

Sasa kumbuka plani inakata kwenye urefu fulani, kwa hiyo ukuta ulioinama unaonekana ulivyo pale unapokatwa, siyo kwenye sakafu. Mtu anaona mstari wa ukuta umeachana na gridi anadhani umesogea, haujasogea. Mlango na dirisha navyo vina propati ya mwelekeo, visimame wima au viiname na ukuta, mlango utautaka wima.

Ardhi nayo ilibadilika 2024, ile ya zamani iliyokuwa ngozi tu imebadilishwa na Toposolidi ambayo ina unene na leya kama sakafu. Faili la zamani litabaki na ardhi yake ya zamani mpaka uichague na kuigeuza. Ukigeuza, angalia aina uliyoichagua kama leya yake imewekewa tiki ya kubadilika, maana bila tiki hiyo chini nako kunafuata milima ya juu na sekisheni inakuwa na ardhi kama blanketi, ukiweka tiki chini kunanyooka.

Hatua ya 3: kitu hakionekani

Hapa nakaa kidogo, maana ndo swali la kila siku. Revit inaficha kitu kwa sababu nyingi sana na haikuambii ni ipi, inakupa ule ujumbe kwamba ulichotengeneza hakionekani kwenye viyu hii na basi. Ukifuata mpangilio huu unafika, na mpangilio nimeupanga kwa kuanza na kinachochukua sekunde.

1. Bonyeza HR. Kama ulificha kwa muda kwa HH au kutenga kwa HI, kila kitu kinarudi. Fremu ya rangi kuzunguka viyu ndo dalili.

2. Bonyeza RH, taa ya kufichua vilivyofichwa. Kitu kikitokea na rangi tofauti, kimefichwa kwenye viyu hii, ama chenyewe ama kundi lake lote. Kichague ukifichue. Kisipotokea hata hapo, sababu ni nyingine, shuka chini.

3. Fungua viyu ya 3D isiyo na tempuleti (mipangilio ya viyu iliyohifadhiwa) wala boksi la sekisheni (boksi linalokata modeli). Kipo? Basi modeli ni nzima na tatizo ni viyu yako. Hakipo hata huko? Angalia wokiseti (kundi la vitu kwenye faili la kushirikiana) iliyofungwa, dizaini opsheni (mapendekezo mbadala ya usanifu), au ulikichora na kikafutika.

4. Kikiwa 3D kipo, kichague na usome fezi (awamu ya ujenzi) yake, alafu soma fezi ya plani yako na filta ya fezi. Plani yenye fezi ya Egzisting (vilivyopo) kwa kawaida haikuonyeshi ukuta uliojengwa fezi inayofuata, na hii inawapata sana watu wa ukarabati.

5. Disiplini (fani) ya viyu. Ikiwa ni ya miundo, kuta zisizobeba mzigo zinafichwa zote. Ukinakili viyu ya injinia ukaanza kuchora partisheni utachora hewa.

6. Sasa ndo uende Viyu Renji (mipaka ya urefu ambayo plani inaonyesha).

Hii ya 6 ina vituko vyake vya kutosha. Kwenye tempuleti ya kimetriki ya usanifu plani inakata mm 1200 juu ya levo (kiwango cha ghorofa). Dirisha la juu la choo lenye kizingiti cha mm 1800 liko juu ya mkato lakini linaonekana, kwa nini? Kwa sababu madirisha, makabati na modeli za jumla vina ruhusa ya kuonekana juu ya mkato ilimradi viko chini ya mpaka wa juu wa renji. Kitu cha kategoria nyingine kikikaa hapo hapo hakionekani. Ukuta mfupi nao una kanuni yake, wa chini ya futi 6, yaani karibu mita 2, haukatwi hata kama mkato unapita katikati yake, unaonyeshwa kama unautazama kutoka juu. Ndo maana ukuta wa kizuizi wa mita 1.5 unatoka na mistari myembamba bila hachi na watu wanahangaika na unene wa laini usiku kucha. Hakijaharibika kitu. Na sakafu, ngazi na rampu zilizoko chini ya mpaka wa chini bado zinaonekana mpaka kama mita 1.22 kwenda chini, kwa hiyo sakafu ya varanda iliyoshuka itajitokeza bila wewe kuiita.

7. Ikibaki bado, ingia VV, zima filta moja moja kwa ile safu ya kuwasha, kitu kikitokea umempata mhusika. Kama safu zote ni za kijivu huwezi kugusa, viyu inaongozwa na tempuleti, hariri tempuleti ukijua kwamba viyu zote zinazoitumia zinabadilika pamoja.

Kuna hali ya kufanana: kitu unakiona ila hakichaguliki. Angalia pembe ya chini kulia ya skrini kuna vialama vidogo vitano, vinaruhusu au kuzuia kuchagua linki, andalei (viyu nyingine inayoonekana chini ya plani), vilivyopigwa pini, kuchagua kwa uso, na kuburuta wakati wa kuchagua. Mtu akibonyeza kimoja bahati mbaya, ofisi nzima inadhani mausi imekufa.

Hatua ya 4: vyumba

Ukifuta chumba kwenye plani hakifutiki kwenye mradi, kinabaki kwenye jedwali kikiandikwa hakijawekwa. Imefanywa makusudi ili usipoteze jina na taarifa za fanicha na finishi, unaweza kukirudisha kwa kubonyeza RM na kukichagua kwenye orodha. Ukitaka kiondoke kabisa, futa mstari wake ndani ya jedwali.

Chumba kikisema hakijafungwa, tafuta pengo, na kama pengo ni la makusudi kama sebule na sehemu ya kulia, chora mstari wa kutenganisha vyumba. Vikiwa viwili ndani ya eneo moja, kimoja kitaitwa cha ziada, kisogeze au kifute.

Eneo la chumba linapimwa kwenye urefu fulani, uliowekwa kwenye levo, na kwa kawaida ni 0 yaani sakafuni. Kwa kuta wima haina shida, ila ukiwa na zile kuta zilizoinama za hatua ya 2 eneo linatofautiana kabisa ukipima sakafuni na ukipima mita 1.2. Chagua levo kwenye sekisheni, badilisha urefu wa kukokotoa, alafu hakikisha kanuni za kupima eneo unazofuata zinasemaje. Ujazo nao ukikataa kutoka, ujue kwa kawaida umezimwa, Revit inakokotoa maeneo tu ili iwe nyepesi, unauwasha kwenye mipangilio ya eneo na ujazo.

Hatua ya 5: vipimo

Jambo dogo tamu ambalo wengi hawalijui: kwenye kipimo cha muda au propati yoyote ya namba unaweza kuandika hesabu kuanzia na alama ya sawasawa. Andika =7350/3 inakokotoa yenyewe na kuweka jibu, hakuna haja ya kikokotoo.

Ila kipimo chenyewe kilichokaa kwenye plani hakikubali uandike namba ya uongo juu yake. Ukijaribu kuandika 3000 palipo na 2999 inakataa, inakubali maneno tu. Kuna wanaotafuta njia ya kuikwepa kwa herufi zisizoonekana, msifanye hivyo jamani, karatasi itasema 3000 na modeli itabaki 2999, na anayekuja nyuma yako atapima modeli. Tafuta chanzo. Tengeneza aina ya kipimo yenye desimali 2, weka kwenye mlolongo mzima, utaona mahali palipo 2999.37, mara nyingi ni ukuta mmoja uliofuatishwa kwenye mchoro wa DWG ambao haukunyooka. Woningi ya kwamba kitu kimepinda kidogo na mhimili ndo mwenzake, usiipuuze, ufute ukuta huo na uuchore upya juu ya rifarensi pleni (mstari wa rejea, RP) iliyonyooka, ni haraka kuliko kuuburuta.

Hatua ya 6: DWG na koordineti

Linki (unga faili likibaki nje ya mradi), usiimpoti. Ukiimpoti (kuliingiza ndani ya mradi) na kuilipua (kuivunja kuwa mistari moja moja) unajaza mradi mistari na paterni za mistari zenye jina linaloanza na IMPORT, na mistari mifupi kuliko karibu mm 0.8 Revit haiwezi kuitengeneza kabisa kwa hiyo mchoro unakuja na matundu.

Kwenye kidirisha cha linki kuna tiki imeshawekwa tayari, ya kunyoosha mistari iliyopinda kidogo. Kwa plani ya nyumba inasaidia. Kwa ramani ya mpaka wa kiwanja iondoe, kwa sababu mpaka wa mpimaji hauna wajibu wa kunyooka na wewe hutaki programu ikuhamishie bikoni. Vizio navyo usiviachie vijigundue vyenyewe, chagua mita au milimita kwa mkono, ukimaliza pima umbali mmoja unaoujua.

Ramani za upimaji zinakuja na koordineti kubwa mno. Revit inataka jometri yako ikae ndani ya kilomita 16 kutoka kwenye asili yake ya ndani (nukta ya sifuri ya modeli), ukitoka nje mistari inaanza kutetemeka, hachi zinahama, kuchagua kunasumbua. Njia salama: unga DWG kwa katikati kwenda kwenye asili ya ndani, isogeze na kuizungusha mpaka ikae chini ya jengo lako, alafu Manej, Koordineti, chukua koordineti kutoka kwenye linki hiyo. Jengo linabaki karibu na asili, na namba halisi za upimaji unazisoma kwenye spoti koordineti (lebo ya koordineti za nukta). Kamwe usilisogeze jengo kulifuata ramani.

Hatua ya 7: usafi wa faili

Pagi (ondoa) vitu visivyotumika, alafu rudia, maana ukifuta familia ya kwanza ndo materiali zake zinakuwa huru kufutwa, mara 2 au 3 inatosha. Kwa faili la kushirikiana fungua kila siku lokali (nakala yako ya faili kuu) mpya badala ya kuikokota ya zamani, na usifungue faili kuu moja kwa moja kufanyia kazi.

Woningi zipo nyingi na siyo zote zina uzito sawa. Anza na ile inayosema vitu viwili vinavyofanana vimekaa mahali pamoja. Kwenye plani huoni kitu, milango miwili inaonekana mmoja, ila jedwali linahesabu miwili na mkadiriaji anaagiza miwili. Fungua orodha ya woningi, panua kundi hilo, weka tiki kwa kimoja tu katika kila jozi, na kabla ya kufuta soma namba ya utambulisho uhakikishe unayeacha ndiye aliyebeba tegi (lebo) na maelezo.